Skripti inakufa ukiipa kisogo: dalili, vyanzo na dawa

Juu huko Machame, kwenye kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi niliyoifunga ukutani ndani ya boksi la plastiki. Kazi yake ni kusoma joto la tangi la kupoozea kila dakika. Maziwa yanatakiwa yakae kwenye nyuzi joto 4 hivi. Yakipita 6 kwa robo saa nzima, kompyuta inatuma SMS kwa mama meneja, hata kama ni saa tisa usiku.

Skripti yenyewe niliiandika kwa Python nikiwa mezani kwangu Moshi mjini, nikaigawa kwenye klasi tatu: `Kipima` inayosoma kihisi cha joto, `Mtumaji` inayoongea na modemu ya SMS, na `Daftari` inayopeleka lita za kila mfugaji kwenye hifadhidata ya MySQL iliyoko ofisini mjini. Juu yake kuna klasi ya nne, `Mlinzi`, inayozishika zote. Wiki nzima ilifanya kazi bila kosa ikiwa mbele ya macho yangu. Siku nilipoiambia ijitegemee kama dimoni ndipo nikagundua siijui.

Neno dimoni lina historia yake. Wahandisi wa MIT huko Marekani walilitumia kuanzia 1963 kwa michakato inayofanya kazi chinichini bila mtu kuigusa, na walilitoa kwenye fizikia, kwa yule kiumbe wa kufikirika wa James Clerk Maxwell anayepanga chembe bila kuchoka. Halina uhusiano na shetani. Hayo nilimweleza mhasibu wa kituo baada ya kumwambia kwa kujisahau kwamba nimeweka dimoni kwenye kompyuta yake. Sidhani kama alinielewa, na Jumapili iliyofuata aliniuliza ninasali wapi.

Jambo lililonisaidia kutatua karibu kila kosa ni hili: skripti iliyo mbele yako inaishi kwa kuazima. Inaazima folda uliyosimama, PATH yako (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu), skrini yako, ruhusa zako, hata kikao chako cha SSH, yaani muunganisho wa kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Ukiipeleka chinichini, vyote hivyo vinarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo kila dalili iliyopo hapa chini naiuliza swali moja: ilikuwa inaazima nini?

Inakufa mara tu unapofunga SSH

Hii ni rahisi. Terminali ikifungwa, mfumo unatuma ishara ya SIGHUP kwa michakato iliyozaliwa humo, na mchakato usioishughulikia ishara hiyo unakufa. Kuweka alama ya `&` mwishoni mwa amri hakutoshi; kunakurudishia tu mstari wa kuandikia. `nohup`, amri inayoufanya mchakato uipuuze SIGHUP, inatosha kwa jaribio la saa moja. Kwa kazi ya miezi usiitegemee, maana umeme ukikatika hakuna wa kuiwasha tena.

Inawaka, inazima, haisemi kitu

Unaiwasha kama dimoni, unaangalia kwa `ps`, haipo. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Ukiirudisha mbele inafanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo watu wanaanza kulaumu kompyuta.

Ukimya una sababu yake. Ukifuata desturi ya zamani ya kutengeneza dimoni, unaelekeza matokeo na makosa yote kwenye `/dev/null`. Skripti inalia, lakini inalia ndani ya shimo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kosa, ipe pa kuandikia: elekeza makosa kwenye faili la logi kwanza, na `/dev/null` uiachie siku ambayo mambo yamekaa sawa.

Halafu fanya jaribio ambalo laiti ningelijua mapema. Ivue skripti kila ilichoazima, lakini ibaki mbele yako:

```
cd /
sudo -u maziwa env -i /opt/tangi/venv/bin/python /opt/tangi/mlinzi.py
```

`cd /` inakuondoa kwenye folda yako. `sudo -u maziwa` inavaa mtumiaji atakayeendesha dimoni. `env -i` inafuta vigeu vyote vya mazingira. Makosa mengi niliyoyatafuta kwa siku mbili yalijitokeza hapa ndani ya sekunde mbili.

La kwanza lililojitokeza kwangu lilikuwa `KeyError: 'modemu'`. Nilishangaa, kwa sababu sehemu ya modemu ipo kwenye faili la `mipangilio.ini`, niliiandika mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimeandika `parser.read("mipangilio.ini")`, yaani tafuta faili hapo ulipo. Dimoni huwa limesimama kwenye `/`, na huko hakuna faili la namna hiyo. Kibaya zaidi, `ConfigParser` ya Python haipigi kelele ikikosa faili. Inasoma patupu na kuendelea, halafu kosa linakuja kuonekana mistari hamsini mbele, mahali pasipohusika. Dawa ni kuuliza skripti yenyewe inakaa wapi:

```python
from pathlib import Path
NYUMBANI = Path(__file__).resolve().parent
parser.read(NYUMBANI / "mipangilio.ini")
```

La pili lilikuwa ruhusa ya kufungua `/dev/ttyUSB0`, bandari ya modemu. Mimi nipo kwenye kundi la `dialout`, mtumiaji `maziwa` hakuwepo. La tatu, maktaba haionekani, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwasha mazingira ya venv (folda yenye Python na maktaba za mradi huu peke yake) kwa mkono kila asubuhi bila hata kufikiri. Hakuna haja ya kuyawasha. Ita tu Python iliyomo ndani ya venv kwa njia yake kamili, kama nilivyofanya hapo juu.

Kama uliandika skripti kwenye Windows kisha ukaihamisha, na jibu ni kwamba `python3` haipo wakati unaiona ipo, angalia mwisho wa mstari wa kwanza. Windows huacha herufi ya ziada isiyoonekana, na Linux inaichukulia kuwa sehemu ya jina la programu. `dos2unix` inamaliza kesi.

Imewaka, lakini viungo vyake vimekufa

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo skripti iliyoandikwa kwa obijekti inapotofautiana na ile ya mistari iliyopangwa juu hadi chini.

Njia ya zamani ya kuunda dimoni ni kuzaa mara mbili. Mchakato unaita `os.fork()`, mzazi anaondoka, mtoto anaita `os.setsid()` ili awe na kikao chake, kisha anazaa tena na yeye kuondoka, ili mjukuu asiweze kushikwa na terminali nyingine hata kwa bahati mbaya. Mjukuu ndiye dimoni. Kwenye karatasi ni mistari kumi tu.

Sasa tazama nilivyoandika mimi:

```python
mlinzi = Mlinzi("mipangilio.ini")   # hujenga Kipima, Mtumaji, Daftari
mlinzi.jifiche()                    # fork, setsid, fork
mlinzi.kazi()
```

Inapendeza machoni. Kasoro yake ni kwamba `__init__` ya `Mlinzi` ilishafungua kila kitu kabla ya kuzaa: modemu, hifadhidata, thredi ya kutuma SMS (uzi wa kazi unaokwenda sambamba ndani ya mchakato uleule), faili la PID lenye namba ya mchakato. Fork inampa mtoto nakala ya obijekti, ila vile vilivyo nje ya obijekti, kama soketi na faili zilizofunguliwa, havinakiliwi. Mzazi na mtoto wanabaki wameshika kamba moja kwa ncha mbili.

Dalili zake zilinijia moja moja, kila moja ikijifanya ugonjwa tofauti.

Faili la PID lilikuwa linaandikwa na kutoweka papo hapo. Nilikuwa nimeagiza kwa `atexit` lifutwe skripti inapomaliza. Mzazi alipoondoka kwa `sys.exit(0)` aliondoka kwa heshima zote: akaita `atexit`, akafuta faili la mtoto aliye hai, akaenda zake. Mzazi anayezaa dimoni anatakiwa atoke kwa `os._exit(0)`, ambayo haiagi mtu wala haifagii chumba. Mjukuu peke yake ndiye wa kutumia `sys.exit`.

Hifadhidata nayo ilijibu kosa namba 2006, kwamba seva imeondoka, sekunde chache tu baada ya kuwasha. Seva haikwenda popote. Ziko maktaba za MySQL ambazo obijekti ya muunganisho inapokufa hutuma kwaheri kwa seva kwanza. Mzazi alipofagiliwa, kwaheri ilitumwa kupitia soketi ileile ya mtoto, seva ikafunga mlango, na mtoto akabaki anabisha. Kama unaandika PHP jihadhari na `__destruct` kwa sababu hiyohiyo.

SMS hazikutumwa kabisa, ingawa foleni ndani ya `Mtumaji` ilikuwa inajaa. Hii ilinitesa kuliko zote, kwa kuwa hakuna kosa hata moja lililotokea. Fork inaikopi thredi moja tu, ile iliyoita fork. Thredi yangu ya kutuma ilibaki kwa mzazi na kufa naye. Mtoto alikuwa na obijekti ya thredi, na foleni, na kila kitu isipokuwa mtu wa kufanya kazi. Na ikitokea thredi iliyopotea ilikuwa imeshika kufuli wakati wa kuzaa, mtoto atalisubiri kufuli hilo milele. Python kuanzia toleo la 3.12 inakuonya ukizaa huku kuna thredi nyingine zinaendelea. Isikilize.

Na logi ilikuwa inaandika mistari ya mwanzo mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Nilidhani nimewasha skripti mbili. Kumbe matokeo yanayokwenda kwenye faili hukaa kwanza kwenye bafa, hodhi la muda kwenye kumbukumbu. Ukizaa kabla bafa haijamwagwa, kila mmoja anarithi maneno yaleyale na kuyaandika kwa zamu yake.

Vyanzo vyote vinne ni kimoja, na dawa ni moja. `__init__` iweke maneno na namba tu. Vitu vyenye uhai vifunguliwe baadaye, ndani ya mchakato utakaovitumia:

```python
class Mlinzi:
    def __init__(self, mipangilio):
        self.mipangilio = mipangilio
        self.simama = threading.Event()

    def andaa(self):
        self.daftari = Daftari(self.mipangilio)
        self.mtumaji = Mtumaji(self.mipangilio)
        self.kipima = Kipima(self.mipangilio)

    def kazi(self):
        signal.signal(signal.SIGTERM, self.pokea_ishara)
        self.andaa()
        while not self.simama.is_set():
            self.mzunguko()
            self.simama.wait(60)

    def pokea_ishara(self, namba, fremu):
        self.simama.set()
```

Kama huwezi kuigusa klasi kwa sababu si yako, basi usiijenge kabla ya fork. Hamisha tu mstari wa kuijenga ushuke chini ya mstari wa kuzaa.

Umeme umerudi, skripti inasema tayari ipo

Hii ndiyo iliyoniaibisha. Wakati huo dimoni nililiwasha kwa mstari wa `@reboot` kwenye cron, mpanga ratiba wa Linux. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi baada ya dakika chache. Kompyuta iliwaka tena yenyewe; kipoozeo cha tangi hakikuwaka, maana siku hizo kifaa chake cha kulinda umeme kilisubiri mkono wa mtu. Skripti yangu iliamka, ikakuta faili la PID kwenye kadi ya kumbukumbu, ikaamini mwenzake yupo kazini, ikaondoka kwa adabu. Joto lilipanda hadi alfajiri bila mtu kuambiwa. Saa kumi na mbili asubuhi nikapigiwa simu: “Fundi, njoo uchukue mgando wako.”

Mpango wangu wa kwanza wa kurekebisha ulikuwa mbaya vilevile. Niliongeza `os.kill(pid, 0)`, inayouliza kama namba hiyo ya mchakato ipo hai bila kuiua. Baada ya kompyuta kuwaka upya namba zinagawiwa upya, na namba ya marehemu inaweza kupewa mchakato mwingine kabisa. Skripti itauliza, itajibiwa kwamba ipo hai, na itaondoka tena.

Faili kuwepo hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kufuli la kernel, kiini cha mfumo, kwa kuwa mchakato ukifa kwa namna yoyote, kernel inalifungua yenyewe:

```python
class Kufuli:
    def __init__(self, njia):
        self.njia = njia
        self.faili = None

    def funga(self):
        self.faili = open(self.njia, "a")
        try:
            fcntl.flock(self.faili, fcntl.LOCK_EX | fcntl.LOCK_NB)
        except BlockingIOError:
            sys.exit("Mwenzangu yupo kazini, naondoka.")
```

Angalia `self.faili`. Ukiliweka kwenye kigeu cha kawaida ndani ya metodi, metodi ikiisha Python inalifunga faili na kufuli linaachia. Utakuwa na madimoni mawili yanayogombania modemu moja. Angalia pia kwamba ni `flock`, si `lockf`. Kufuli la `flock` mtoto analirithi baada ya fork, la `lockf` halirithiwi. Faili lenyewe liweke chini ya `/run`, sehemu inayoishi kwenye RAM na kufutika kila kompyuta inapowaka.

Ukiikabidhi systemd, inaiua

Baada ya yule mgando nilihamia systemd, mfumo unaosimamia huduma kwenye Debian tangu toleo la 8 la 2015, na kwenye Raspberry Pi pia. Nikaipa skripti yangu ileile inayozaa mara mbili, na `Type=simple`. Matokeo: `inactive (dead)`, `status=0/SUCCESS`. Imekufa kwa mafanikio.

Maana yake ni kwamba `Type=simple` inaambia systemd kuwa mchakato niliouwasha ndio huduma yenyewe. Mzazi alipoondoka, systemd ilihesabu kazi imekwisha, ikafagia wote waliobaki kwenye kundi hilo, mjukuu akiwemo. Kinyume chake nacho kipo: ukiandika `Type=forking` kwa skripti isiyozaa, systemd itasubiri mzazi aondoke, haondoki, na baada ya sekunde 90 inaiua kwa kuchelewa. Ukiona huduma imeganda kwenye `activating` kwa dakika moja na nusu kisha inaanguka, usihangaike na msimbo wako. Tazama mstari wa `Type`.

Msimamo wangu sasa ni huu: futa fork yote. Mistari ile kumi niliyojivunia nimeitoa. Skripti inaendeshwa kama ya kawaida, mbele, na kazi ya kuiweka chinichini ni ya systemd. Ile metodi ya `andaa` niliiacha hata hivyo, kwa sababu majaribio yanakuwa rahisi pale ambapo kujenga obijekti hakufungui modemu.

```
[Unit]
Description=Mlinzi wa tangi la maziwa
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Type=simple
User=maziwa
SupplementaryGroups=dialout
WorkingDirectory=/opt/tangi
RuntimeDirectory=tangi
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/opt/tangi/venv/bin/python /opt/tangi/mlinzi.py
Restart=always
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wa `RestartSec=10` una kisa chake. Bila kuandikwa, systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kufufua. Na ikifufua mara tano ndani ya sekunde 10, inakata tamaa na kuiacha imekufa, ikisema `Start request repeated too quickly`. Modemu yangu huchukua sekunde kadhaa kuamka baada ya umeme kurudi. Skripti ilikuwa inakufa mara tano kabla modemu haijafumbua macho, kisha inaachwa hapo hadi mtu aje. Ukiitenganisha kwa sekunde kumi kumi, kikomo hicho hakifikiwi kamwe.

Nilichagua `always` badala ya `on-failure` kwa sababu ya tabia yangu mbaya ya kukamata kila kosa kwa `except` na kutoka kimya. Skripti inayotoka na sifuri haihesabiwi kuwa imeanguka.

Ukikuta namba `203/EXEC`, programu iliyotajwa kwenye `ExecStart` haikuweza kuendeshwa: njia si sahihi, au ruhusa ya kuendesha haipo. `217/USER`, mtumiaji huyo hayupo. `200/CHDIR`, folda ya kazi haipo. Namba hizi zinakwambia kwamba skripti haijaanza hata mstari wa kwanza, hivyo usipoteze muda kuisoma.

Haikubali kuzimwa

Unaandika `systemctl stop`, unasubiri, unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado. Sekunde 90 zikiisha inauawa kwa nguvu na SIGKILL, bila nafasi ya kufunga chochote.

Nilikuwa na `time.sleep(300)` ndani ya mzunguko, na kipokea ishara kilichoweka `self.endelea = False`. Kabla ya Python 3.5 ishara ilikatiza usingizi. Kuanzia 3.5, iliyotoka 2015, skripti ikipokea ishara na kipokezi kisipotupa kosa, Python inarudi kulala hadi dakika zake ziishe. Ndiyo maana kwenye klasi ya juu nimetumia `self.simama.wait(60)`: ikilala, `set()` inaiamsha palepale.

Logi haina kitu, kisha inamwaga kurasa nzima

Ni bafa tena. Python ikiona inaandika kwenye skrini humwaga kila mstari. Ikiona si skrini, inakusanya kwanza. Unakaa na `journalctl -u tangi -f` nusu saa huoni kitu, unadhani imeganda. `PYTHONUNBUFFERED=1` kwenye faili la huduma inatosha.

Kama unaandika kwenye faili lako mwenyewe na `logrotate`, programu ya kubadilisha faili za logi zilizojaa, inalizungusha, kuna siku utakuta faili jipya tupu na diski inajaa. Dimoni bado limeshika faili la zamani lililokwisha kufutwa. Amri ya `lsof +L1` italionyesha. `WatchedFileHandler` ya Python inatambua faili limebadilishwa na kulifungua upya.

Ipo hai, haifanyi kazi

`systemctl status` ni kijani, mchakato upo, na SMS haziji. Kwangu mara ya kwanza ilikuwa modemu. Maktaba ya pyserial usipoipa `timeout` inasubiri jibu bila kikomo, na modemu ikipoteza mtandao kati ya herufi mbili, metodi yako haitarudi tena. Weka `timeout=10` kwenye kila bandari unayofungua. Na usiite `/dev/ttyUSB0` kwa jina hilo: modemu ikijianzisha upya inaweza kurudi kama `ttyUSB1`. Njia zilizopo chini ya `/dev/serial/by-id/` hufuata kifaa chenyewe.

Mara ya pili ilikuwa hifadhidata, na ratiba yake ilinichekesha nilipoielewa. Kila asubuhi mfugaji wa kwanza alikuwa anakosa kuandikiwa lita zake. Wa pili na kuendelea hakuna shida. Maziwa ya jioni yanakwisha kupokelewa saa moja usiku, ya asubuhi yanaanza saa kumi na mbili. Hapo katikati ni saa 11 za kimya, na MySQL kwa kawaida hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Mfugaji wa kwanza alikuwa anagonga mlango uliofungwa usiku, kosa linakamatwa, muunganisho unafunguliwa upya, wa pili anapita. Kwa kituo kinachopokea maziwa mara mbili kwa siku hakuna sababu ya kushika muunganisho usiku kucha. `Daftari` sasa inafungua inapokuwa na cha kuandika, kisha inafunga.

Kwa yale yasiyotabirika, systemd ina `WatchdogSec`. Unaweka `Type=notify`, skripti inatuma `READY=1` ikishajiandaa, halafu `WATCHDOG=1` kila mzunguko; ikinyamaza kupita muda uliowekwa, inauawa na kufufuliwa. Ujumbe wa pili utume kutoka ndani ya mzunguko unaosoma joto. Ukiutuma kutoka kwenye thredi ya pembeni, itakuwa kama mlinzi wa getini anayejibu “nipo macho” kwa niaba ya mwenzake aliyelala.

Inatoa taarifa za uongo usiku

Kihisi cha DS18B20 kikipata umeme upya, namba ya kwanza kabla hakijapima ni nyuzi 85. Ukisoma 85 kamili kutoka kwenye tangi la maziwa, itupe na usome tena.

Ya mwisho ni saa. Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa yenye betri. Toleo la 5 la 2023 inayo, ila betri unanunua mwenyewe. Umeme ukirudi, kompyuta inaanza na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho, kisha mtandao ukipatikana inaruka hadi saa ya kweli. Umeme ulikuwa umekatika kwa saa moja na nusu. Skripti ikaamka, ikakuta nyuzi 6 na pointi, ikaandika muda wa kuanza kuhesabu robo saa. Dakika mbili baadaye mtandao ukaja, saa ikaruka dakika tisini, skripti ikaona robo saa imepita zamani na kutuma SMS.

Mama meneja alishuka na tochi, akakuta kipoozeo kinanguruma na tangi liko nyuzi 4. “Fundi, mbona umeniamsha?” Kwenye logi ilikuwa 00:10, kwa sababu mashine niliiacha kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu; kwake ilikuwa saa tisa na dakika kumi usiku. Saa ya mashine nikaipeleka `Africa/Dar_es_Salaam`, na ndani ya `Mlinzi`, mahali panapohesabu robo saa, nikafuta `time.time()` nikaandika `time.monotonic()`, ambayo hairuki saa ikirekebishwa.